Mkono Wangu wa Kulia na Bweni la Ghalani

Wewe uliyeungua, au unayemuuguza aliyeungua, nakuandikia wewe kwanza. Wengine wakisoma si vibaya. Mimi si mtu wa vitabu. Nilimaliza darasa la saba nikaolewa, na tangu usichana nina tabia ya kuandika-andika mambo ya siku: mvua imenyesha, nani kajifungua, nani kazikwa. Basi usitegemee nikueleze ngozi inavyoota upya, hayo ni ya waganga. Ninachokijua ni kukaa kwenye benchi la chumba cha vidonda, na ninajua mkono unavyokuwa ukiachwa ujikunje. Nitasema niliyoyaona. Nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu, ukishaipita Somanga unakwenda kusini. Jina lake naliacha, maana wenyewe wangali hai, na sitaki mtu anyooshewe kidole kwa sababu ya maandishi yangu. Miaka ile ya ruksa, ushirika ulipoishiwa nguvu na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao, ghala la ushirika la korosho lilibaki tupu. Na sisi tulikuwa na sekondari isiyo na bweni. Wasichana wa mbali, wa Likawage na huko ndani, walipanga vyumba mitaani, na kila mwaka kuna waliorudi kwao na mimba badala ya cheti. Wazazi wakasema, ghala lile lipo, kuta zake nene, mlango wake mmoja, tuwaweke humo. Lilikuwa wazo zuri. Nasema hivyo mpaka leo. Mzazi aliyeuza korosho zake ili binti asome hakuwa na baya moyoni.

Wakapaka chokaa. Wakanunua vitanda vya dabodeka na magodoro ya sponji, ndiyo kwanza yalikuwa yameingia madukani, mepesi, yana maua. Sisi tulikua tukilalia mikeka na magodoro ya sufi, tuliyaona kama ya kifalme. Katikati wakatundika magunia yaliyoshonwa pamoja ili yagawe vyumba. Madirisha yalibaki yale ya ghala, madogo, juu karibu na paa, yenye nondo. Hata mchana, mtu akitaka kusoma humo ilimbidi awashe kibatari.

Mimi, Mama Hadija, nilikuwa mpishi wao. Jiko langu lilikuwa banda nyuma ya ghala. Mlinzi alikuwa Bakari, mjomba wa mume wangu. Kwetu mjomba si mtu mdogo. Mume wangu, Selemani, alilelewa naye, na jandoni aliingizwa naye. Mbele ya mjomba yule Selemani alikuwa hakai kwenye kiti mpaka aambiwe.

Sasa, msimu wa korosho, siku ya mizani, korosho zinapopimwa na kulipwa, barabarani kwetu panafurika. Malori, makuli, wauza mitumba, watu wenye hela mpya mfukoni. Wazazi walikuwa na hofu nao, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Wakapitisha mkutanoni kwamba siku za mizani mabinti wakitoka darasani waingie bwenini wafungiwe kwa nje, mpaka malori yaondoke.

"Kwani tunafungia mbuzi?" aliuliza mama mmoja.

"Tunafungia dhahabu, mama," akajibu mwenyekiti wa kamati. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa lilikuwa neno la kuchekesha na jua lilikuwa halijawa kali.

Siku yenyewe ilikuwa ya mizani, baada ya Alasiri. Nilikuwa nachambua mchele. Sikusikia kelele kwanza, niliona moshi unatoka chini ya paa, mweusi, mzito, si moshi wa kuni. Wengine walisema kibatari kiliangukia godoro. Wengine walisema binti mmoja alikuwa anapiga pasi. Mimi sikuona, na waliokuwa ndani hawasemi kitu kimoja. Nilizunguka mbio mpaka mlangoni nikakuta kufuli. Nikapiga kufuli kwa mchi wa kutwangia, halikutikisika. Nikapiga yowe: "Mjomba! Mjomba Bakari! Ufunguo!"

Alikuwa kwenye mizani na magunia yake. Alikuja mbio, mzee yule, kanzu ameifunga kiunoni, na akafungua. Hilo nataka liandikwe. Hakupoteza ufunguo wala hakutetemeka. Kufuli lilikuwa la moto na alilishika hivyo hivyo. Lakini mlango ule ulikuwa unafunguka kwa ndani, na ndani watoto walikuwa wamerundikana nyuma yake, wanausukuma watoke. Kadiri walivyosukuma, ndivyo ulivyokaza. Tulipata upenyo wa kupitisha bega tu. Nikaingiza mkono wangu wa kulia nikamshika niliyemgusa, nikavuta. Nikamvuta na mwingine. Halafu nikaingia mwenyewe. Magodoro ya vitanda vya juu yalikuwa yanadondoka kama nta, na ile nta ilikuwa inawaka. Ilinidondokea mkononi na shingoni.

Waliowatoa wengi si sisi. Ni wale wa malori. Wale tuliowafungia watoto kwa ajili yao. Utingo mmoja, kijana wa Dar, mwenye kofia ya mitumba, alipanda juu ya boneti akafunga mnyororo kwenye nondo za dirisha, dereva akavuta, dirisha likang'oka na fremu yake na matofali. Wakatokea pale, mmoja baada ya mwingine, na yule kijana anawapokea huku anawatukana ili wafanye haraka. Na mimi walinitoa wao, nikapelekwa hospitali kwa lori hilo hilo, nimelazwa juu ya magunia matupu.

Mmoja hakutoka. Mwajuma, wa Likawage, alikuwa kitanda cha mwisho kabisa, nyuma ya pazia la magunia. Mrefu, mcheshi, anayekuja jikoni kuomba ukoko. Hayo mengine nitayaacha.

Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Lindi. Siku za mwanzo sizikumbuki vizuri, na ninazozikumbuka sina hakika ni za kweli. Uso ulivimba mpaka macho yakafunga. Nilikuwa nasikia watu lakini siwaoni, na koo halitoi sauti. Hapo ndipo nilipomsikia Mjomba Bakari mlangoni mwa wodi.

"Selemani, nimekuja kumuona Mama Hadija."

"Umuone mara ngapi? Hukumuona alivyokuwa anaungua?"

"Mwanangu..."

"Mimi sina mjomba. Mjomba gani anayefungia watoto kwa kufuli akaenda kupima korosho?"

Kisha nikasikia ndara za mjomba zinaondoka. Nilitaka kusema kwamba kufunga aliagizwa, tena na mkutano, na wewe Selemani ulinyoosha mkono pamoja na sisi wote. Sikuweza kusema. Na nilipoweza, wiki zilikuwa zimepita na kamati ilikuwa imeshakaa na kusema kosa ni la mlinzi. Simlaumu mume wangu sana. Mtu anayemtazama mkewe akiwa vile lazima apate pa kutupia hasira, na kamati haikuja kusimama mlangoni. Mjomba alikuja.

Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho wa baraza. Tulipanga foleni kwenye benchi la mbao tangu asubuhi, kila mtu na sufuria yake ya maji ya chumvi yaliyochemshwa, na bandeji yake kama ndugu zake wameweza kununua, maana wakati huo hospitali zilishaanza kuchangiwa. Kutoka ndani unasikia wanaolia. Ukikaa hapo unajifunza sauti za watu kabla hujajua majina yao. Kulikuwa na mtoto aliyemwagikiwa uji, anayeanza kulia akiwa bado nje, na bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu aliyekuwa anamwambia, "Lia, mjukuu wangu, lia na ya kwangu, mie machozi yameniishia." Nilicheka, mdomo ukapasuka. Lakini nilicheka.

Aliyeniosha alikuwa Sista Anastazia, Mmakonde wa kule juu, mnene, mwenye mikono myepesi na mdomo mkali. Alikuwa anafungua bandeji, ananiambia: "Haya, Mama Hadija, nyoosha vidole. Kimoja kimoja." Nikinyoosha, jasho linanitoka mpaka miguuni. Na mama yangu mzazi, aliyekuwa akiniuguza, alikuwa haondoki pale mlangoni.

"We Mmakonde, unamuua mwanangu!"

"Nyie Wamwera kwa kupenda kulia! Ngoja nikufundishe kulia vizuri."

"Mnatuchanja ngozi sasa? Hamkutosheka kujichanja wenyewe?"

"Bibi yangu alichanjwa uso mzima, bibi, akaolewa na wanaume wawili. Wewe wako mmoja tu na alikimbia."

Mama alikuwa anashindwa kujizuia, anacheka huku analia, maana utani wa Wamwera na Wamakonde hauna pa kujificha. Siku nyingine Sista alinishika kidevu, akanitazama shingo ilivyokuwa, nyekundu, imejaa mikunjo, akasema taratibu, bila utani, "Kwetu zamani ngozi isiyo na alama ilikuwa ngozi ya mtoto. Ulisikia?" Nilisikia. Nilipokuja kujitazama kwenye kioo, neno hilo lilinisaidia kidogo. Si sana. Kidogo.

Sasa hapa nisikilize, wewe unayeuguza. Sista aliagiza mkono ufungwe kwenye kibao, vidole vimenyooka, usiku na mchana. Akitoka zamu, mimi nikilia, mama alikuwa anafungua kibao. Alinikunja vidole ndani ya kiganja, taratibu, akavizungushia kanga laini, na maumivu yakapungua, nikalala. Wageni waliokuja kuniona walimsifu. "Mwache mgonjwa apumzike. Huyo nesi hana huruma." Kwetu mgonjwa hasumbuliwi. Ukimliza mgonjwa watu watakusema mtaa mzima. Mama alifanya vile alivyofundishwa na wote waliomtangulia, na mkono uliokuwa unanikunja ulikuwa mkono wa mapenzi. Sijapata kumwambia lolote na sitamwambia. Akisomewa haya, ajue kwamba na mimi nilitaka kulala.

Baba yake Mwajuma alikuja Ramadhani ilipoingia. Mzee Mpili, mwembamba, mwenye kofia ya vito, ile ya kudarizi, iliyofifia. Alitembea kutoka Likawage mpaka barabarani ndipo akapata gari. Alileta asali kwenye kibuyu, ya nyuki wa porini kwao. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Pole na wewe."

"Nimekuja kuuliza neno moja. Ulipoingia mle ndani, ulimsikia?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ningeweza kumwambia alitaja jina la Mungu, au la baba yake, na angeondoka na kitu. Nilifikiri hivyo. Nikamwambia, "Baba, kulikuwa na sauti nyingi. Sikuweza kujua ya kwake."

Aliitikia kwa kichwa. "Basi nimeuliza kwa mtu wa kweli," akasema. Aliponiaga aliniambia asali ile nile, nisipake, kwenye kidonda wapake hao wanaojua. Nikaila kidogo kidogo wakati wa futari, ingawa sikuwa nafunga. Mpaka leo sijui kama nilimjibu vizuri. Huenda ukweli wangu ulikuwa wa kunisaidia mimi.

Nilirudi nyumbani masika. Barabara ilikuwa tope, nilishuka na kutembezwa kama bibi harusi, nimefunikwa kanga usoni, maana niliogopa watu. Binti yangu Hadija, aliyekuwa ndio kwanza ameota meno mapya ya mbele, alitoka nje mbio, akafika karibu, akasimama. Akanitazama shingo. Akaniuliza, "Mama, inauma?" Nikamwambia haiumi tena. Akasema, "Basi mbona umelia?" Jioni yake alininywesha uji kwa kijiko, kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa umefunga.

Ulifunga kabisa. Masika yote kidonda kilikauka, na kadiri kilivyokauka ndivyo ngozi ilivyovuta. Vidole vitatu vililala ndani ya kiganja vikashikana nacho, cha shahada kikawa nusu, gumba peke yake ndilo lililobaki langu. Mpishi wa watu mia, na siwezi kushika mwiko. Siwezi kumsuka mwanangu. Siwezi kumkanda mama miguu. Chooni, wewe mwenyewe utafahamu, mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja una kazi yake, na mimi wa kushoto ndio ulinibakia kwa yote, kula na mengine. Aibu hiyo hakuna aliyeniambia mapema. Nakwambia wewe: osha, soma bismillahi, kula. Mungu anajua kisa chako.

Selemani alikuwa mwema, lakini wema wake ulikuwa na ukali ndani. Alichota maji, alipika, na mtu akipita akamuuliza habari za mjomba wake, anatema mate. Mjomba Bakari alishahamia kwa binti yake, huko Mingoyo. Kabla hajahama, watoto wa kijijini walikuwa wanamwimbia "Kufuli, Kufuli" akipita. Watu wazima waliwasikia hawakuwakemea.

"Baba Hadija," nilimwambia siku moja, mvua inanyesha, tumekaa barazani. "Mjomba alifunga kwa amri yetu."

"Najua."

"Sasa?"

"Najua, nimesema. Lakini nikimsamehe yeye itabidi nikae na nani? Na mimi mwenyewe?"

Hilo hatukulizungumza tena kwa muda mrefu.

Baridi ya kusi ilipoingia, mikorosho inaanza kutoa maua, nilirudi hospitali. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mkono ufunguke. Daktari alisema atakata pale palipovuta na kuweka ngozi ya pajani, lakini hakuahidi. "Nusu nakupa mimi, nusu utajipa mwenyewe," ndivyo alivyosema. Paja liliniuma kuliko mkono, jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nawe nakwambia ulijue. Na safari hii nilimwomba mama abaki nyumbani. Alilia. Nilimwambia Hadija anamhitaji. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Sista Anastazia alinifunga kibao mwenyewe. "Ukikifungua nitakuchanja uso," akasema. Sikukifungua. Nililia usiku nikiuma mto, na vidole vikabaki vimenyooka.

Nilipotoka nilipitia Mingoyo. Sikumwambia Selemani. Nilimkuta Mjomba Bakari amekaa kwenye mkeka, amekonda. Nikampigia magoti, akanizuia. Akanyoosha kiganja chake, kilikuwa na kovu pana la kufuli, na cha kwangu kilikuwa kimefungwa bandeji. Nikamwambia niliyokuwa nimeshindwa kumwambia wodini, kwamba alifunga kwa kuagizwa na kwamba nitalisema mbele za watu.

"Wasemee hao watoto," akasema. "Mimi waliniagiza nifunge, nikafunga. Lakini walionipa amri hawakuniambia nisiulize. Mwambie Selemani namsalimu."

Nilimwambia Selemani. Salamu hakuzirudisha. Kabla korosho hazijaanza kuanguka, habari zikaja kwamba mzee amefariki. Selemani alikwenda, akaingia kaburini yeye mwenyewe kumpokea, kama inavyompasa mpwa. Aliporudi hakula siku nzima. Kitu ambacho angekimaliza kwa salamu moja mlangoni, sasa anakibeba. Najuta kwamba sikupata sauti siku ile wodini, ingawa najua sauti haikuwapo.

Msimu ukaingia tena, na wazazi wakataka bweni lifunguliwe. Palikuwa na mkutano, na mimi niliambiwa niwe mlezi, kwa kuwa upishi siuwezi. Nikasema nakubali, lakini uwepo mlango wa pili, ukutani pale palipovutwa na lori, na milango yote ifunguke kwa nje, na komeo liwe ndani. Dirisha la chini lisiwe na nondo. Magunia yatoke. Wasomee barazani, kibatari kisiingie. Nilikuwa nimeyafikiri masika yote, lakini nilipoyasema yalitoka hovyo hovyo, nikachanganya la mwanzo na la mwisho. Nikasema na la Mjomba Bakari. Watu waliinama. Ilikuwa haina faida tena, ila nilisema.

Mzazi mmoja akasimama. "Mama Hadija tunamheshimu. Lakini mlango wa nyuma wenye komeo ndani, huo ni mlango wa kutorokea. Tutakuwa tumewajengea wahuni njia."

"Kweli!" wakasema wengine. Na siwezi kuwaita wajinga. Mimba zilikuwapo. Mtu mwenye binti anaogopa alichokiona.

Mzee Mpili alikuwa amekaa nyuma, kwenye gogo. Hakusimama hata. "Wangu hakutoroka," akasema. "Yupo Likawage. Nendeni mkamtazame alivyotulia."

Mwenyekiti, yule wa dhahabu, alifuta macho kwa ncha ya kanzu yake, akasema andikeni, mlango wa pili. Huyo naye nimpe haki yake: matofali aliyatoa kwake, na fundi alimtafuta yeye.

Fundi alimaliza wiki moja kabla ya wasichana kuja. Mlango mzuri wa mninga, bawaba zake kwa nje, na ndani komeo jipya la chuma kutoka duka la Lindi, linang'aa. Walikuwapo Selemani, mwenyekiti na wengine. Fundi akalifunga, akalifungua, tap, tap. "Haya, mama mlezi, karibu."

Nikajaribu kwa mkono wa kulia. Wakati huo vidole viwili vilikuwa vinakaribia kunyooka, cha pete kilikuwa bado kinabisha, kile kidogo kilikuwa hakiji kabisa. Nilishika kichwa cha komeo. Halikwenda. Nikashika tena.

"Tumia wa kushoto, mama," fundi akasema.

"Nataka huu."

"Lakini huo mbovu. Watoto ni wazima, wataliweza."

"Fundi," nikamwambia, "mtoto aliyejaa moshi, anayesukumwa mgongoni na wenzake, hana mkono mzima. Ana mkono kama huu wangu. Nilikuwamo mle ndani, niliwashika. Huu ukishindwa, wao watashindwa."

Akanitazama, akamtazama mwenyekiti. "Basi si ningeambiwa tangu mwanzo?" akanung'unika. "Chuma hiki nimekipaka mpaka rangi." Lakini alilitoa. Akaenda zake kibandani, akarudi na komeo la mbao, pana, refu, la kuinua kwa juu, ambalo hata kiwiko kinaliinua. Akalipiga misumari huku ananong'ona mwenyewe kwamba hili sasa ni komeo la banda la kuku.

"Haya. La kuku hilo."

Nikaweka mkono chini yake nikainua. Vidole viliuma mpaka begani, komeo likanyanyuka, na nilipoegemea tu mlango ukaenda nje wote, jua likanipiga usoni. Selemani alikuwa amesimama kule nje. Aliushika mlango usinirudie.

"Imekwisha hiyo," fundi akasema, anakusanya misumari yake.

"Bado," nikasema. "Ufunge."

Akaufunga. Nikarudi mpaka kule mwisho, pale kilipokuwa kitanda cha Mwajuma. Nikafumba macho, nikaziba pua kwa kanga, nikanyoosha mkono ule mbele yangu, nikaanza kuutafuta mlango.